Betri ya Akiba Ipimwe, Taa Isizimwe

Katika magari mengi yaliyoundwa miaka ya karibuni mna kitufe kidogo, aghalabu juu ya dari karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kilichoandikwa herufi tatu: SOS. Kazi yake ni kuita msaada. Gari likigongwa kwa nguvu, mtambo uliounganishwa na kitufe hicho hupiga simu wenyewe bila kungoja mkono wa mtu. Na dereva akiona mwenzake amezirai aweza kukibonyeza kwa hiari yake. Magari ya namna hiyo, mengi yakiwa yametumika kwanza Japani au Uingereza kabla ya kuuzwa Afrika ya Mashariki, sasa huonekana katika gereji za Mwanza, zikiwamo zile ndogondogo za Mabatini zilizo karibu na barabara iendayo Musoma. Humo limezuka jambo ambalo yafaa walimu na wanafunzi wa sayansi walitazame kwa makini, kwa kuwa laonekana dogo, na si dogo.

Ndani ya mtambo huo wa kuita msaada mna betri ya pili, ndogo kuliko kiganja, ambayo haina uhusiano na kuwasha injini. Betri hiyo huzeeka. Siku moja taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi na haizimiki tena. Mwenye gari huenda kwa fundi, na aghalabu mazungumzo huwa mafupi:

"Fundi, hii taa ya SOS mbona haitoki?"

"Hiyo haihusiani na injini, mzee. Gari linatembea vizuri. Nikuzimie?"

"Nizimie tu."

Taa huzimwa. Wako wanaofuta kumbukumbu ya hitilafu kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari, wako wanaong'oa fyuzi, na wako wanaobandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa yenyewe. Hawa wa mwisho angalau hawakuharibu kitu. Gari hurudi barabarani likiwa na kitufe kilekile, chenye herufi zilezile, na sasa hakuna dalili yoyote ya kumwonya mtu kwamba nyuma ya herufi hizo hamna nguvu ya umeme ya kutegemewa.

Ubaya wa jambo hili hauko katika fedha. Gari hubadilisha mikono. Mwenye gari wa leo ajua kwamba taa ilizimwa. Atakayelinunua mwakani hajui, wala abiria wake hawajui. Gari hilo likipinduka usiku mbele ya Magu, katika njia ya kwenda Lamadi, abiria aliyebaki na fahamu zake atakiona kitufe, atakibonyeza, na atangoja. Atangoja kwa sababu ameandikiwa kwamba msaada utaitwa. Dakika anazozitumia kungoja ni dakika ambazo asiyekuwa na kitufe angezitumia kupiga simu ya mkononi, kuwaita wanakijiji, au kusimamisha lori linalopita. Kwa mtu anayevuja damu, chombo cha kuokolea kilichokufa na kunyamazishwa ni kibaya kuliko kukosa chombo kabisa.

Ili hoja hii ieleweke, yapasa kwanza kujua kwa nini mtambo ukawa na betri yake. Betri kuu ya gari, ile ya volti 12, katika magari mengi hukaa mbele, pembeni mwa injini. Gari ligonganapo na lingine uso kwa uso, mahali hapo ndipo panapopondeka mwanzo. Waya hukatika, betri hupasuka, na umeme wa gari zima hupotea katika nukta ileile ambayo simu yahitaji kupigwa. Kwa hiyo wahandisi wakaweka akiba ndogo ndani, nyuma ya dashibodi au mahali pengine palipokingwa. Kanuni Na. 144 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu mitambo hii, yataka mtambo uweze kufanya kazi peke yake, bila betri kuu, kwa kuzungumza muda usiopungua dakika 5, kisha kukaa hewani dakika 60 ukingoja kupigiwa, kisha kuzungumza tena dakika 5. Hizo dakika 70 ndizo sababu ya kuwapo kwa betri nzima. Yaweza kukaa miaka minane bila kuombwa kitu, kisha ikaombwa kila kitu katika saa moja.

Kungoja huko ndiko kunakoichakaza. Yaonekana kama ajabu kwamba kitu kisichotumika kinachakaa, lakini ndani ya betri kemikali hazilali. Polepole huungana pasipotakiwa, utando hujijenga juu ya vipande vya ndani, na maji maji yanayopitisha umeme hupungua nguvu. Joto huharakisha mambo hayo yote. Kanuni ya makadirio itumiwayo na wanakemia ni kwamba, kwa michakato mingi, mwendo hukaribia kuongezeka mara mbili kila joto linapopanda kwa digrii 10 za Selsiasi. Sasa fikiria gari lililoachwa juani, madirisha yamefungwa, katika mtaa ambao jina lake lenyewe lakumbusha mabati. Joto la ndani ya gari kama hilo huweza kupita digrii 50, na nyuma ya dashibodi zaidi. Betri iliyokadiriwa kudumu miaka mingi katika nchi ya baridi haiwezi kutarajiwa kuitimiza miaka hiyo Mwanza. Tena magari mengi hufika yakiwa na umri wa miaka saba, minane au zaidi, betri ikiwa imekwisha kula sehemu kubwa ya maisha yake kabla ya kuvuka bahari. Taa inayowaka baada ya miezi michache ya kufika haina uchawi ndani yake, wala si lazima iwe ni ubovu wa kompyuta.

Hapa ndipo fizikia ya sekondari inapoweza kusaidia kuliko mashine ya bei kubwa. Fundi mwangalifu aliyeshawishika kuitazama betri hiyo huchukua mita yake, hugusa ncha mbili, na husoma volti 3.5. Kwenye betri pameandikwa 3.6. Hutangaza kwamba betri ni nzima na kompyuta ndiyo yenye kusema uongo. Kosa lake ni la kawaida sana, na asili yake ni kutokumbuka kwamba mita ya volti huchukua mkondo mdogo mno. Imeiuliza betri swali jepesi. Redio ya simu itauliza swali gumu.

Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, yaani kizuizi kilichomo ndani ya betri yenyewe ambacho mkondo hauna budi kukipita kabla ya kutoka nje. Mkondo unapokuwa mdogo, kizuizi hicho hakionekani. Mkondo unapokuwa mkubwa, sehemu ya volti hupotea humohumo ndani. Hesabu yake hufundishwa darasani: volti zinazobaki nje ni nguvu nzima ya betri ukitoa mkondo uliozidishwa kwa ukinzani wa ndani. Redio ya simu ya kizazi cha pili, ambayo mitambo mingi ya SOS ya awali huitumia, hurusha mawimbi yake kwa mafungu mafupi zaidi ya mara 200 katika sekunde, na katika kila fungu huweza kuvuta mkondo unaokaribia ampea 2. Chukulia betri mpya ya volti 3.6 yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.15. Volti 0.3 hupotea, 3.3 hubaki, na redio husema. Chukulia sasa betri kuukuu ya volti 3.5 yenye ukinzani wa omu 0.9. Volti 1.8 hupotea ndani, hubaki 1.7 tu, na redio huzimika kabla ya kumaliza neno la kwanza. Mita ya fundi haikusema uongo, ila iliulizwa jambo lisilohusika.

Kompyuta ya gari hujua siri hii. Katika mitambo mingi, gari linapowashwa hujipima, na baadhi yake huitwika betri ya akiba mzigo kidogo ili kuona kama volti zake zitaporomoka. Ndiyo maana kufuta kumbukumbu ya hitilafu hakudumu: taa hurudi baada ya siku chache, mteja hurudi na malalamiko, na ndipo fyuzi hung'olewa. Aliyekuwa akisema kweli tangu mwanzo ndiye anayefungwa mdomo.

Jaribio la kulithibitisha jambo hili halihitaji gari, wala halipaswi kufanyiwa kwenye gari. Mwalimu achukue betri mbili za tochi za volti 1.5, moja mpya na nyingine iliyokwisha kutumika, glopu ndogo ya tochi, mita moja ya volti na moja ya mkondo. Wanafunzi wapime volti za kila betri ikiwa peke yake, kisha waiwashie glopu na kupima tena huku taa ikiwaka. Betri kuukuu yaweza kuonyesha volti 1.4 ikiwa peke yake, ambazo kwa macho ya haraka zatosha kabisa. Lakini glopu ikiwaka na kuvuta ampea 0.2, mita huenda ikashuka hadi 0.8. Tofauti ni volti 0.6, zigawanywe kwa ampea 0.2, na ukinzani wa ndani ni omu 3. Betri mpya itatoa jibu lililo sehemu ndogo ya hilo. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii kwa mikono yake hataidanganyikia betri tena maisha yake yote, iwe ya tochi, ya redio, ya pikipiki au ya taa za jua nyumbani kwao. Inasikitisha kwamba mara nyingi somo hili huishia ubaoni, katika alama za E na r, na vijana wakalifaulu katika mtihani bila kulihusisha na kitu chochote walichowahi kukishika.

Kubadilisha betri nako kuna hatari yake, na hili ndilo laogopesha zaidi ya taa kuzimwa. Betri halisi aghalabu haipatikani dukani mjini. Lazima iagizwe na kusubiriwa. Fundi mwenye akili ya kubuni, na Mwanza haikosi mafundi wa namna hiyo, hufungua kompyuta kuukuu ya kupakata, huchomoa seli moja ya duara, na huiunganisha kwa risasi mahali pa ile ya zamani. Volti zakaribiana, hivyo huona kazi imekwisha. Lakini betri za akiba si za aina moja. Kuna za nikeli, ambazo kila seli ina volti 1.2 na hupangwa tatu au zaidi. Kuna za lithi na fosfati ya chuma, zenye volti 3.2 na zinazochajiwa hadi kama 3.6, na kuna za lithi zisizochajiwa kabisa, zinazowekwa mara moja na kutupwa zikiisha. Seli ya kompyuta ya kupakata ni ya aina nyingine tena, yenye kuchajiwa hadi volti 4.2. Kila mtambo una njia yake ya kuchaji, iliyokatiwa kwa kipimo cha betri yake. Seli ya lithi na fosfati ikilazimishwa kwa chaji ya 4.2 huharibika, seli isiyochajiwa ikisukumiwa umeme yaweza kuvimba, kupasuka na kuwaka moto. Chombo kilichokusudiwa kuokoa watu katika ajali hugeuka kuwa chanzo cha moto nyuma ya magoti ya dereva. Heshima ya ubunifu wa mafundi ni kubwa, na yastahili. Hapa tu ubunifu haufai, kwa sababu kosa lake halionekani siku ya kwanza.

Njia iliyo sawa haina mafumbo. Betri iwe ya aina ileile ya kemikali, ya volti zilezile na soketi ileile. Kabla ya kuigusa, waya hasi wa betri kuu uondolewe na fundi asubiri dakika zilizoandikwa katika kitabu cha gari, maana mtambo huu ni jirani wa mifuko ya hewa, na mifuko hiyo huweka umeme wake wa akiba kwa muda hata baada ya waya kutolewa. Kumbukumbu ya hitilafu ifutwe baada ya betri kubadilishwa, na kamwe isiwe badala ya kubadilisha. Betri ya zamani isitupwe katika Mto Mirongo, ambao maji yake yaishia katika ziwa linalonywewa na mji mzima. Na fundi aandike tarehe. Katika vyombo vya majini, kifaa cha kuitia msaada kupitia setilaiti huwa na tarehe ya mwisho wa betri iliyochapishwa kwa nje, mahali ambapo hata baharia asiyejua umeme huiona. Katika gari tarehe hiyo imefichwa pamoja na betri. Kipande cha karatasi kilichobandikwa ukingoni mwa mlango, chenye mwezi na mwaka, chatosha kuondoa upungufu huo.

Hata hivyo, betri mpya kabisa haijamaliza kazi, na fundi mwaminifu hana budi kumwambia mteja hivyo. Simu yahitaji masikio. Herufi za SOS zilikubaliwa Berlin mwaka 1906 kwa sababu ya wepesi wa kuzipiga kwa nukta na vistari, wala si kifupi cha maneno yoyote, ingawa wengi hudhani hivyo. Miaka sita baadaye, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912, meli ya Titanic ilizituma hewani. Meli ya Californian ilikuwa karibu, na ilikuwa na redio. Lakini mpiga redio wake pekee alikuwa amekwenda kulala. Mitambo ilikuwako, umeme ulikuwako, mwitaji alikuwako, msikilizaji hakuwako. Mkataba wa usalama wa meli uliotiwa sahihi London mwaka 1914 ulikuja kudai redio za meli za abiria zisikilizwe saa zote.

Kitufe cha gari kina tatizo lilelile katika sura nyingine. Japani ilianzisha huduma yake ya namna hii mwaka 2000, na simu huenda katika kituo kilichoko Japani kwa mkataba wa mwenye gari na mtandao wa nchi hiyo. Katika Umoja wa Ulaya mtambo ulifanywa wa lazima kwa aina mpya za magari madogo kuanzia tarehe 31 Machi 2018. Huita namba 112, na pamoja na sauti hupeleka kifurushi cha habari cha baiti 140, chenye mahali, saa, upande gari lilikoelekea na namba ya utambulisho wake. Kifurushi hicho husomwa na kituo kilichotayarishwa kukisoma. Gari likivuka bahari, kituo hakivuki pamoja nalo. Mtu asidhani basi kwamba kwa kununua betri amenunua pia ulinzi wa Tokyo au wa Brussels katika barabara ya Magu.

Wako watakaosema: kama hakuna asikiaye, kuna haja gani ya kuhangaika na betri? Ing'olewe fyuzi na mambo yaishe. Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba mwenye gari ana ruhusa ya kuchagua, ila hana ruhusa ya kuficha. Akichagua kuweka mtambo, aweke betri iliyo sahihi na ipimwe kwa mzigo. Akichagua kuuondoa, betri itolewe kabisa isije ikavimba, na kitufe kifunikwe kwa maandishi ya wazi: HAKIFANYI KAZI, PIGA 112. Maandishi hayo hayagharimu kitu, na namba hiyo hupigika Tanzania kwa simu yoyote ya mkononi hata isiyo na salio. Kinachopaswa kukatazwa katika kila gereji ni ile hali ya katikati, ambapo mtambo umekufa na uso wake bado wang'aa.

Wala lisemwe jambo la kukatisha tamaa kwamba masikio hayawezi kujengwa hapa. Yamekwisha kujengwa, tena ng'ambo tu ya ghuba. Mpango wa m-mama, unaowasafirisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga waliopatwa na dharura, ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya Serikali kutangaza mwaka 2022 kuueneza nchini. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Mpokeaji huuliza maswali yaliyopangwa, hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana humwita dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye hulipwa nauli yake kwa simu. Hakuna ndani ya mpango huo chombo cha ajabu. Kuna simu za kawaida, orodha ya madereva, na mtu aliye macho kwenye meza. Fundi wa Mabatini anayeuliza kwa nini ahangaike na betri ya SOS angepata jibu lililo bora zaidi siku ambayo meza ya namna hiyo itawekwa kwa ajili ya ajali za barabarani, ikiwa na uwezo wa kukisoma kile kifurushi cha baiti 140. Kazi hiyo ni ya wizara, polisi na makampuni ya simu. Kazi ya gereji na ya maabara ya shule yaweza kuanza muhula huu, kwa glopu moja ya tochi na mita mbili.